Nani Aliwapa Hicho Kibali? Hotuba Kuhusu Makampuni Makubwa na Serikali

(Wengi mlikosa mkutano mkaniomba maneno niliyosema, basi nimeyaweka yote hapa kama yalivyotoka mdomoni. Nimetoa tu zile dakika tulizokuwa tunasubiri kipaza sauti kirekebishwe, na slaidi nimeziacha maana zilikuwa picha tu.)

Ndugu zangu, wazee wangu, na nyie vijana mliojazana huko nyuma, habari za saa hizi? Asanteni kwa kuja. Mwenyekiti ameniambia nisivuke muda, nami nimemuahidi, lakini mnanijua.

Naanza na swali. Hivi kampuni ni nini? Msinijibu majengo. Jengo ukilibomoa kesho kampuni bado ipo. Wafanyakazi wote wakiacha kazi leo jioni, kampuni ipo. Mwanzilishi akifa, watoto wake wakafa, wajukuu wakafa, kampuni ipo tu inadunda. Sasa ni nini hicho ambacho hakifi, hakili, hakina mwili, lakini kinamiliki ardhi, kinakopa benki na kinaweza kukuburuza mahakamani? Ndugu zangu, ni karatasi. Na hiyo karatasi anayeitoa ni nani? Serikali.

Nataka tukae hapo kidogo, maana tumezoea kuongea kana kwamba kampuni kubwa na serikali ni maadui wawili, kila mmoja na kwao, na wahenga walishasema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia, basi tunajiona sisi ndo nyasi. Mimi nasema hivi, hao tembo ni mama na mtoto. Mara nyingi hata hawapigani, wanatembea pamoja, na ukiwaona wamegombana ujue kuna siku walielewana na hatukuitwa kwenye hicho kikao.

Twende nyuma basi. Tarehe 31 Desemba 1600, Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza anawapa wafanyabiashara wa London hati ya kifalme. Hati inasema nini? Inasema kwa miaka 15 ni nyie tu, mtu mwingine asiguse, biashara yote ya mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika, ni yenu. Mashariki yote hiyo! Wamepewa watu mia mbili na kidogo waliochangishana mtaji. Hiyo ndo East India Company.

Miaka miwili baadaye, 1602, Waholanzi nao wakaja na ya kwao, VOC, na wao ndo walitia fora kabisa. Kampuni yao ilipewa ruhusa ya kujenga ngome, kuajiri askari, kusaini mikataba na watawala wa huko itakakofika, na kupigana vita. Nasema kampuni jamani, sio nchi. Halafu wakafungua mlango, mwananchi yeyote mwenye pesa aje aandikishe hisa. Daftari la Amsterdam liliwekwa nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja anaitwa Dirck van Os, watu wanaingia wanatoka, wanataja kiasi, wanaandikwa. Sasa daftari linakaribia kufungwa, dada wa kazi wa nyumba hiyohiyo, Neeltgen Cornelis, ambaye kutwa nzima amekuwa akiwapisha hao matajiri mlangoni, naye akasogea akaandikisha gulden 100, pesa ya Kiholanzi ya wakati ule. Kwa mshahara wa dada wa kazi hiyo ilikuwa pesa ya kujibana muda mrefu sana. Mpaka daftari linafungwa majina yalikuwa 1,143.

Mimi hiyo picha ya dada wa kazi naipenda, nisiwafiche. Kuna kitu kizuri pale, mtu wa chini anaingia kwenye biashara ya dunia kwa akiba yake. Lakini ngojeni muone upande wa pili wa daftari.

Kuna visiwa vinaitwa Banda, huko Indonesia ya leo, vidogo sana kwenye ramani, na zama zile viungo vya kungumanga na basbasi vilivyokuwa vinafika Ulaya vilitoka huko tu. Wabanda walitaka kumuuzia yeyote mwenye bei nzuri, wawe Waingereza au Wajava, kama mfanyabiashara yeyote mwenye akili zake. VOC ikasema hapana, mtatuuzia sisi peke yetu. Mwaka 1621 gavana wa kampuni, Jan Pieterszoon Coen, akaenda na meli na askari. Visiwa vile vinakadiriwa vilikuwa na watu kama 15,000, baada ya hapo walibaki kama elfu moja. Wengine waliuawa, wengine walikufa njaa milimani walikokimbilia, wengine walibebwa utumwani, na mashamba yakagawiwa kwa Waholanzi wakaletewa watumwa wa kuyalima.

Swali langu sasa, nani alifanya hiyo kazi? Ukimuuliza mwenye hisa kule Amsterdam, simsemi yule dada, namsema mwenye hisa yeyote, atakwambia mimi? Mimi niliweka pesa tu, sijawahi hata kupanda meli. Ukiuliza serikali itakwambia hilo ni suala la kampuni. Ukiuliza kampuni itakwambia sisi tuna hati, tumeruhusiwa. Mnaona? Kila mtu ana mikono misafi na visiwa havina watu.

Waingereza nao hawakulala. Mwaka 1757 jeshi la East India Company chini ya Robert Clive lilishinda vita kule Plassey, Bengal, India, na mwaka 1765 mfalme wa Wamughal, Shah Alam wa Pili, hana ujanja tena, akasaini kuipa kampuni haki ya kukusanya kodi Bengal, Bihar na Orissa. Hebu sikilizeni vizuri hapo, kampuni iliyotoka nyumbani kwenda kununua vitambaa na viungo imegeuka mkusanya kodi wa mamilioni ya watu. Na mkusanya kodi wa kampuni anawajibika kwa nani? Kwa wenye hisa London. Mwaka 1769 na 1770 mvua ikakosekana Bengal, ikaja njaa iliyoua mamilioni, na kodi iliendelea kukusanywa. Kwenye daftari kodi ni mapato, na mapato hayaruhusiwi kushuka.

Halafu mnajua kilichofuata? Kampuni ikaishiwa. Ndio, pamoja na yote hayo! Mwaka 1772 mikopo ilikauka London, kampuni ikaenda serikalini kuomba kuokolewa, na serikali ikatoa mkopo wa pauni milioni 1.4, maana ingeanguka ingeanguka na watu wengi, na wabunge wengi tu walikuwa na hisa humo. Mtu akikwambia mambo ya kampuni kubwa mno kiasi haiwezi kuachwa ife yalianza 2008 mabenki yalipookolewa, mwambie akasome. Na ghala za kampuni zilikuwa zimejaa chai isiyouzika, basi bunge likapitisha sheria mwaka 1773 ya kuisaidia kuimwaga hiyo chai kwenye makoloni ya Amerika. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston wakapanda melini wakatupa masanduku 342 baharini. Shuleni tunafundishwa hawa jamaa walikasirikia kodi ya mfalme, ni kweli, lakini nusu ya hasira ilikuwa kwa kampuni iliyopewa upendeleo na mfalme.

Kwa hesabu za 1803 hiyo kampuni ilikuwa na askari kama 260,000, karibu mara mbili ya jeshi la Uingereza lenyewe. Ilichukua uasi mkubwa wa India wa 1857 ndo serikali ikasema sasa basi, 1858 India ikawa chini ya taji la Uingereza moja kwa moja, na kampuni ikafutwa rasmi 1874. Miaka 274, tena ikafutwa kwa sheria ya bunge, yaani karatasi ikafutwa na karatasi.

Na msidhani ni habari za mbali. Kila aliyesoma historia hapa anamkumbuka Mangungo wa Msovero, Usagara. Mwaka 1884 Karl Peters na wenzake wakapita bara na makaratasi ya Kijerumani, wakisainisha machifu mikataba ambayo hawawezi kuisoma, ardhi inaondoka kwa alama ya msalaba. Mkutano wa Berlin ukafungwa tarehe 26 Februari 1885, kesho yake tu, tarehe 27, Peters akapewa hati ya ulinzi ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na shughuli ikaendeshwa kwa jina la kampuni, DOAG, yaani Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kwa nini kampuni na sio serikali? Kwa sababu Bismarck, kansela wa Ujerumani, alitaka koloni la bei rahisi, wafanyabiashara walipe gharama wenyewe. Ila mwaka 1888 kampuni ilipoingia pwani na kuanza kuwatia adabu watu wa Pangani na Bagamoyo, Abushiri akanyanyuka, pwani ikawaka moto, na kampuni haikuwa na ubavu wa kuuzima. Ikabidi serikali ya Berlin impeleke afisa wake Wissmann na jeshi la kulipwa na umma, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na kuanzia Januari 1891 utawala ukawa wa serikali. Waingereza jirani mambo yaleyale, kampuni ya Mackinnon, ile Imperial British East Africa Company, ilipata hati 1888, ikaishiwa pumzi, serikali ikachukua 1894 Uganda na 1895 upande wa pwani. Faida ilipokuwa inaota ilikuwa ya kampuni, gharama ilipoota ikawa ya hazina.

Kuna watu watasema hayo ni ya ukoloni, yalipita. Sawa. Ila hata ndani ya nchi zao hii ndoa ilikuwa hivyohivyo. South Sea Company ya London iliundwa 1711 kazi yake kubwa ikiwa kulibeba deni la serikali, na ikapewa kama zawadi mkataba wa kupeleka Waafrika 4,800 kila mwaka utumwani kwenye makoloni ya Hispania. Mwaka 1720 hisa yake ilianza kama pauni 128, katikati ya mwaka ikakaribia 1,000, mwisho wa mwaka ikawa chini ya 200. Waziri wa fedha, Aislabie, akafungwa kwenye mnara wa London kwa rushwa ya hizo hisa. Na kuna kichekesho humo, ile sheria ya kubana makampuni mengine yasianzishwe ovyo ilipitishwa kabla puto la bei ya hisa halijapasuka, sio baada, na kampuni iliyofaidika washindani wabanwe ni hiyohiyo.

Haya, sasa tunafika penye mabadiliko ambayo kwangu ni makubwa kuliko vita vyote nilivyovitaja, japo hakuna aliyepiga risasi.

Mpaka hapo kupata kampuni ilikuwa ni fadhila, umuombe mfalme au bunge, na wao wanakupa kwa kazi maalumu na kwa muda maalumu. Karne ya 19 hiyo ikabadilika. Uingereza mwaka 1844 ikaweka msajili, jaza fomu lipia ada umepata kampuni, na 1855 ikaongeza kwamba mwenye hisa akishalipia hisa yake basi, kampuni ikifa na madeni wadai hawawezi kumfuata nyumbani. Masharti ya kazi na muda yakayeyuka taratibu. Hakuna aliyesimama akasema leo tunafuta masharti, yaliyeyuka tu.

Niwape stori ya fundi viatu mmoja. Aron Salomon, Whitechapel, London, mashariki kule kwa watu wa hali ya chini. Miaka kama 30 anatengeneza mabuti, biashara yake mwenyewe, na wateja wake wakubwa ilikuwa taasisi za serikali. Mwaka 1892 akaigeuza biashara kuwa kampuni. Sheria inataka wenye hisa saba. Sawa, saba hawa hapa: yeye, mke wake, binti yake, na vijana wake wanne. Hisa 20,007, familia kila mmoja hisa moja, yeye 20,001. Halafu kampuni ikamnunulia biashara yake kwa bei ya kutakata, pauni elfu 39 hivi, na sehemu ya bei, pauni 10,000, ikaandikwa kama deni ambalo kampuni inamdai, samahani, anaidai yeye kampuni, tena deni lenye dhamana. Mmeelewa alichofanya? Mzee amejiuzia duka lake mwenyewe halafu akajikopesha.

Kikaja kipindi kigumu, migomo ya mafundi, serikali ikagawa zabuni kwa watu wengi, kampuni ikafilisika. Kuna waliouza bidhaa kwa mkopo wanadai zaidi ya pauni 7,000. Mfilisi akaangalia makabrasha akasema hii ni mazingaombwe, kampuni na Salomon ni mtu yuleyule, alipe. Mahakama ya kwanza ikasema kweli, alipe. Mahakama ya rufaa ikasema alipe, tena ikaongeza kwamba huu mpango ni wa kuwadhulumu wadai. Wakafika House of Lords, rufaa ya mwisho ya Uingereza wakati ule, Novemba 1896, na vitabu vya sheria vinaiita kesi ya 1897. Mabwana wale wote wakasema hapana. Fomu zimejazwa, saba wapo, kampuni ni mtu mwingine kabisa, Salomon hadaiwi kitu.

Sasa mnaweza kumuonea huruma Salomon, hata mimi namuonea, mzee hakuwa tapeli, alijaribu hata kutafuta mkopo mwingine kuiokoa kampuni na alifilisika kabisa. Lakini uamuzi ule umekuja kutumika na watu ambao hawajawahi kushika sindano ya viatu. Leo kampuni moja ina kampuni tanzu, tanzu ina tanzu, ile ya chini kabisa ndo inachimba, inamwaga, inadaiwa, na huko juu kabisa kuna mtu anasema mimi sio huyo, huyo ni mtu mwingine. Anasema kweli kabisa kisheria. Mlango aliupasua fundi viatu.

Marekani nako wakafika mahali palepale kwa njia ya ajabu zaidi. Mwaka 1886 kesi ya kodi ya reli, Santa Clara, hukumu yenyewe haikuamua kama kampuni ni mtu mbele ya marekebisho ya 14 ya katiba, yale yaliyowekwa 1868 kuwalinda watu waliotoka utumwani. Jaji mkuu Waite alilitamka kwa mdomo tu kabla mawakili hawajaanza. Karani wa kuandika ripoti za mahakama, Bancroft Davis, akaliweka kwenye muhtasari juu ya hukumu. Wanasheria waliofuata wakanukuu muhtasari. Na huyo karani, kabla ya kazi hiyo, aliwahi kuwa rais wa kampuni ya reli! Mimi sisemi kitu.

Ila msiondoke mkidhani watu walikaa kimya. Cleveland, 1872, John D. Rockefeller na kampuni yake ya mafuta, Standard Oil, wakanunua viwanda 22 kati ya 26 vya kusafisha mafuta ndani ya wiki chache, silaha yao ikiwa makubaliano ya siri na reli, wao wanapewa punguzo la nauli, mshindani anachajiwa kamili. Kufika 1880 walishika kama asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta Marekani. Na tuseme haki, bei ya mafuta ya taa ilishuka, watu wakapata taa. Ndo maana hii mada sio nyepesi, angekuwa anatoa mafuta mabovu kwa bei ghali tusingebishana.

Aliyemshika hakuwa polisi. Ni mwandishi wa habari, Ida Tarbell, ambaye baba yake alikuwa kwenye biashara hiyo ya mafuta na alikuwa miongoni mwa waliobanwa mwaka ule wa 1872. Kuanzia 1902 mpaka 1904 akachapisha makala mfululizo, na ushahidi wake mmoja ulifika hivi. Kijana mdogo ofisini kwa Standard Oil kazi yake moja ilikuwa kuchoma makaratasi ya zamani kila mwezi. Siku moja anachoma akaona jina analolijua, mwalimu wake wa Sunday school, ambaye alikuwa na kiwanda kidogo cha kushindana nao. Akasita. Akaanza kusoma kabla ya kutupa. Kumbe ni taarifa za mizigo ya yule mwalimu, makarani wa reli wanaiandikia Standard Oil mpinzani wako leo amesafirisha mapipa mangapi kwa nani, na Standard inatoa amri mzigo huo ukwamishwe. Kijana akayakusanya makaratasi akampelekea mwalimu wake, yakafika kwa Tarbell. Tarehe 15 Mei 1911 mahakama kuu ya Marekani ikaamuru Standard Oil ivunjwe vipande 34.

Makofi, sawa, pigeni. Mmemaliza? Haya, baada ya kuvunjwa hisa za vile vipande zikapanda na Rockefeller akatajirika zaidi. Na vipande viwili vikubwa, Exxon na Mobil, viliungana tena 1999 na serikali ikapitisha.

Nikimbie kidogo maana mwenyekiti ananiangalia. Guatemala. United Fruit, kampuni ya ndizi, ilikuwa na ardhi kubwa kuliko yeyote nchini mule, na sehemu kubwa haijalimwa. Mwaka 1952 serikali ya Jacobo Árbenz ikapitisha sheria ya kuchukua ardhi iliyolala na kuwagawia wakulima, kwa kulipa fidia. Fidia kiasi gani? Hapa ndo patamu. Serikali ikasema tutalipa thamani ileile ambayo nyie wenyewe mmekuwa mkiandika kwenye fomu za kodi. Kwa ardhi waliyoanza nayo ikaja dola 627,572. Miaka yote kampuni imekuwa ikiiambia serikali ardhi hii haina thamani kubwa, kodi iwe ndogo, sasa serikali inawaambia haya tunawaamini! Likaja dai kutoka wizara ya mambo ya nje ya Marekani, kwa niaba ya kampuni: dola 15,854,849. Wizara! Sio wakili wa kampuni. Na waziri mwenyewe, John Foster Dulles, alitoka kwenye ofisi ya mawakili iliyowahi kuifanyia kazi kampuni hiyo, na mdogo wake Allen ndo mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Juni 1954 Árbenz aliondolewa kwa mapinduzi yaliyosukwa na CIA, tarehe 27 akajiuzulu. Chini ya wiki moja baadaye, Julai mwanzoni, wizara ya sheria ya Marekani hiyohiyo ikaishtaki United Fruit kwa kuhodhi soko la ndizi. Serikali moja, mkono huu unapindua nchi kwa ajili ya kampuni, mkono huu unaipeleka kampuni hiyohiyo mahakamani. Ndo maana nawaambia msiseme serikali kana kwamba ni mtu mmoja mwenye kichwa kimoja.

Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ilivuja kiwanda cha dawa za kuulia wadudu. Serikali ya jimbo ilithibitisha vifo 3,787, wengine wanakadiria mara kadhaa ya hapo. Mwenye kiwanda ni Union Carbide India, na asilimia 50.9 ya hiyo ilikuwa ya Union Carbide ya Marekani, na taasisi za fedha za serikali ya India nazo zilikuwa na hisa humo. Kumbukeni viatu. Kampuni mama ikasema sisi ni mtu mwingine, mahakama ya New York ikairudisha kesi India, na serikali ya India ilishajitungia sheria 1985 kwamba yenyewe tu ndo itawasemea waathirika. Ilianza kwa kudai zaidi ya dola bilioni 3, mwaka 1989 ikakubali milioni 470. Waathirika hawakuulizwa. Nani aliwakilisha nani pale? Serikali mwenye hisa, serikali mtoa leseni, serikali mkaguzi, serikali mdai.

La mwisho, naahidi. Mwaka 2016 tume ya Umoja wa Ulaya ilisema Ireland iliipa Apple, kampuni ya simu na kompyuta ya Marekani, unafuu wa kodi usio halali, na kwamba kwa mwaka 2014 kampuni husika ililipa kama asilimia 0.005 ya faida yake. Yaani kwenye kila euro milioni moja ya faida, kodi euro 50. Ikaamriwa Apple irudishe euro bilioni 13 kwa Ireland. Mngekuwa nyie ni serikali ya Ireland mngefanya nini? Bilioni 13 zinakuja bure! Ireland ilikata rufaa kuzikataa. Wakaenda mahakamani bega kwa bega na Apple, 2020 wakashinda, halafu tarehe 10 Septemba 2024 mahakama ya juu ya Ulaya ikasema mwisho, pokeeni. Wakapokea, kwa kinyongo.

Walikuwa wajinga? Hapana. Walikuwa wanalinda sifa ya kuwa nchi ambayo makampuni hayasumbuliwi, maana ajira na mapato yao mengi yamekaa hapo. Kwa mtazamo wao hesabu ilikuwa inalipa. Tatizo ni kwamba nchi nyingine ambako hizo simu ziliuzwa na hazikupata kodi hazikuwa kwenye meza ile, na makubaliano yenyewe na Apple yalifanyika 1991 na 2007 kwa barua za ofisi ya kodi, sio bungeni, mwananchi wa Ireland hakujua mpaka maseneta wa Marekani walipoyafukua 2013.

Kwa hiyo mtu akija kwenu na mradi mkubwa, msimuulize kwanza atajenga nini. Muulizeni karatasi ziko wapi. Kampuni iliyosaini ni ipi kati ya tanzu zake, na ina mali gani ikidaiwa? Unafuu wa kodi umeandikwa kwenye sheria au kwenye barua? Serikali ina hisa humo, na kama inazo, nani anamkagua? Mkataba unaisha mwaka gani? Elizabeth aliandika miaka 15, hata yeye aliweka tarehe. Na mkiambiwa ni siri ya biashara, muulizeni aliyewaambia hivyo ni mtu wa kampuni au mtu wa serikali, maana mara nyingi ni huyo wa pili.

Haya, muda wangu umeisha na wa mwenzangu nimeushaula. Maswali. Dada mwenye kilemba, naona umeinua mkono tangu nilipokuwa kwenye ndizi, karibu.